Namba Aliyoisoma Mzee Haule

Vijana wenzangu wa karakana, mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkaninywesha soda mbili, mkaniambia niende nikapumzike. Nimepumzika siku nne nikachoka. Sasa naandika. Siku ile ya kuagana mmoja wenu aliniuliza, "Mzee Mgaya, enzi za Mwingereza leseni ya lori mlikuwa mnaipataje?" Nikamjibu kwa mkato kwamba tulikuwa tunafanya mtihani kama ninyi. Nilimdanganya, au tuseme nilimpa nusu ya jibu. Nusu ya pili imenikaa kooni tangu nikiwa na nywele nyeusi, na sitaki niondoke nayo.

Mishahara na vyeo sitavigusa. Mshahara ulikuwa mdogo, na cheo changu tangu nilipopata leseni mpaka mliponipa saa kilikuwa dereva. Hapo hakuna la kusimulia.

Nilianza kazi ya magari nikiwa mtu mzima, nina mke na mtoto mmoja, na shamba la ulezi na viazi pale Yakobi. Kabla ya hapo nilikuwa nabandua magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi viwandani, kwenye mashamba ya wazungu, kazi inayoacha mikono ikiwa myeusi hata Jumapili kanisani. Siku moja lori lililokuja kubeba magome lilikwama kwenye tope, nikasaidia kulitoa. Dereva wake akaniangalia, akasema, "Wewe unasukuma kwa akili. Njoo kesho kwa tajiri." Basi nikaenda. Ndivyo nilivyopata kazi ya utingo, na ndivyo nilivyomfahamu Mzee Benedikto Haule.

Tajiri wetu alikuwa na malori matatu hapo Njombe mjini. Tulikuwa tunakusanya magome mashambani, na msimu wa mavuno tunapeleka mahindi na ngano Makambako, ambako malori makubwa ya safari ndefu yalikuwa yanapokea mzigo. Kurudi tulibeba chumvi, sukari, mafuta ya taa na vitambaa. Barabara ilikuwa ya udongo mtupu. Masika ikinyesha, safari ya asubuhi ilikuwa inaisha kesho yake, na hakuna aliyekuuliza ulikuwa wapi.

Mzee Haule alikuwa Mpangwa wa Mawengi, mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kufunga kweli kweli. Lori alijifunzia vitani, nchi za mbali. Kuhusu vita alinisimulia gia tu. Mimi Mlutheri, basi hakuacha kunichokoza: "Ninyi mnaimba mno, ndiyo maana hamsikii injini." Nilikuwa namwita baba, kama ilivyo kwetu kwa mtu wa rika lake, na yeye aliniita Mgaya.

Siku ya kwanza alinifundisha kupiga hendeli. Ninyi mnageuza ufunguo, sisi tulikuwa tunazungusha chuma mbele ya injini, tena kwa baridi ile ya Njombe ya mwezi wa sita, baada ya kumimina maji ya moto kwenye rejeta. Akanishika mkono akaupanga kwenye mpini. "Dole gumba liwe upande mmoja na wenzake. Ukilizungushia mpini, siku injini ikirudi nyuma italivunja." Nimewaona watu watatu waliovunjika dole kwa kudharau neno hilo. La pili lilikuwa kigingi, gogo la mwati lililochongwa pembe. Lori likishindwa mlima, utingo anaruka chini na kulisukumia nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi. Unaruka kwanza, kuogopa utaogopa baadaye.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito katika habari hii. Utingo alikuwa anakaa juu ya mzigo, nyuma, na anaongea na dereva kwa kugonga paa la kichwa cha gari. Mara moja: simama. Mara mbili: twende. Mara nyingi za haraka haraka: kuna hatari. Madereva wote walikuwa na mpango huo. Lakini Mzee Haule alitaka nigonge zaidi ya wengine. Alitaka nigonge upande wa kulia kama kona inakuja kulia, na kushoto vivyo hivyo. Nikadhani ni ustadi wa jeshini. Nikajivuna nao hata kwa matingo wenzangu. Lo, ujinga!

Sasa leseni. Ulikuwa huwezi kujiendea tu bomani ukasema nataka kuendesha lori. Kwanza upate barua ya tajiri. Barua ukipata, unapewa kibali cha kujifunzia, na gari linafungwa kibao cheupe chenye herufi nyekundu mbele na nyuma, ng'ombe wenyewe wajihadhari. Kisha ujifunze chini ya dereva mwenye leseni ya malori, naye mwisho lazima atie sahihi kwenye fomu kwamba amekufundisha na unafaa. Ndipo unamsubiri mkaguzi wa magari, Mzungu, aliyekuwa anatoka Iringa mara chache sana kwa mwaka. Ukimkosa, au fomu ikikosa sahihi, unakaa tena juu ya magunia mpaka atakapokumbuka Njombe.

Mlima wenyewe ulikuwa ile sahihi. Madereva walikuwa hawafundishi. Kila dereva alijua kwamba anayemfundisha leo ndiye ambaye tajiri atamweka kwenye kiti chake kesho. Nilikuwa na rafiki aliyekaa utingo miaka saba, dereva wake akawa anafunika miguu kwa koti ili asionekane anavyokanyaga klachi. Miaka saba, jamani! Mzee Haule alinifundisha bila mimi kuomba. Tukifika Makambako, watu wakiwa wanashusha mzigo, ananiweka kwenye usukani injini ikiwa imezimwa, anasema, "Badilisha gia. Usiangalie. Mkono ujue njia." Nilipoweza, akanipa barabara tambarare, halafu milima. Alinifundisha kukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza injini mpaka meno ya gia yakubaliane. Alinifundisha kwamba mlima unaushuka kwa gia ileile uliyoupandia. Mke wangu alikuwa ananiuliza, "Huyu mzee anakupendea nini?" Nikamwambia pengine ni Ukatoliki.

Siku moja, saa sita mchana, jua kali, hakuna ukungu hata kidogo, tulikuwa tunarudi kutoka Makambako na chumvi. Mimi niko juu ya mzigo. Mbele kulikuwa na daraja la magogo, jembamba, na juu yake wanawake wanatoka gulioni na vikapu vichwani. Nikangoja Mzee Haule apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikangoja kidogo tena, maana utingo hamfundishi dereva. Hakupunguza! Nikagonga paa kwa ngumi zote mbili, nikapiga na ukelele. Lori likalia breki, likaserereka, likasimama pua ikiwa imeingia darajani. Kikapu cha viazi kilikuwa kimemwagika mtoni. Mwanamke mmoja akatujia juu: "Mnatuona sisi kuku? Hamna macho?"

Nikashuka nikaenda dirishani. Mzee Haule alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Ulikuwa unagonga nini?" akaniuliza.

"Kulikuwa na watu, baba."

"Nimewaona."

Wale wanawake walikuwa wanapita pembeni yetu wakituapiza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Walikuwa wangapi?"

"Watano. Na mmoja ana mtoto mgongoni."

Akatia gia tukaondoka, polepole, na mimi kule juu nikawa nagonga kila kitu: kona, mbuzi, mtu mwenye baiskeli, shimo. Siku hiyo nilielewa kwamba miaka miwili mizima mimi ndiye nilikuwa macho yake barabarani. Nikaelewa pia kwa nini alinifundisha. Ninapokuwa kwenye usukani, yeye hana haja ya kuona.

Na kulikuwa na jambo jingine nililolielewa kwa kuchelewa. Macho ya dereva yalikuwa yanapimwa kwa namba za gari. Mkaguzi anakusimamisha hatua ishirini na tano kutoka kwenye lori, anakuambia soma namba yake. Sasa Njombe ya siku zile ilikuwa na malori machache mno, matatu ya tajiri wetu, ya misheni, ya boma, na mengine ya kuhesabika. Mzee Haule alikuwa na mchezo wa kuniuliza: lile jipya la misheni namba yake ngapi? Nami namtajia. Nilidhani anapenda tu kujua. Kumbe alikuwa anazikariri. Gari lolote ulilomwekea mbele alilitambua kwa umbo na rangi, akakutajia namba. Ndivyo alivyopita ukaguzi uliotangulia.

Habari ya mkaguzi kuja ilipotufika, tajiri akasema siku hiyo mimi nitafanya mtihani na Mzee Haule atapimwa macho upya, kwa kuwa leseni yake ilikuwa inaisha. Siku moja kabla, mchana, tulikuwa tunaosha lori mtoni. Mzee Haule akasugua taa kwa muda mrefu sana, halafu akasema bila kunitazama, "Kesho Mzungu atakuagiza ulete gari, aone unavyorudi nyuma. Gari hilo ndilo atakalopimia macho. Lete hili letu."

"Sawa, baba."

"Nina watoto wanne Mawengi wanaosoma misheni, Mgaya. Mwaka mmoja tu, kisha naacha mwenyewe."

Nikasema sawa tena. Nilimaanisha. Mtu aliyenifungulia mlango ambao wengine walikuwa wanaufunga kwa makoti, nimkatalie mwaka mmoja? Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa siwezi kula. Nilikuwa namwona yule mwanamke wa darajani na mtoto mgongoni. Nikipata leseni, tajiri atanipa lori jingine. Nani atakaa juu ya mzigo wa Mzee Haule? Atakuja utingo mgeni, asiyejua kugonga kulia na kushoto, na hatajua kwa nini anatakiwa agonge. Mke wangu akaniuliza kama ninauogopa mtihani. Nikamwambia ndiyo.

Kulipokucha tulikwenda bomani. Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mwekundu wa baridi, na pembeni yake karani wa boma wa kumtafsiria. Uwanjani kulikuwa na malori mawili tu. Moja letu. La pili lilikuwa limefika asubuhi hiyo kutoka Makambako, la mfanyabiashara wa kule, na dereva wake alikuwa amelileta kukaguliwa. Yote mawili yalikuwa ya kijani, umbo lilelile. Mzee Haule alisimama kando na kofia yake mkononi, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la kanisani.

Karani akanitafsiria: "Bwana anasema chagua gari moja kati ya haya, ulirudishe nyuma mpaka kwenye ile nguzo, kisha uligeuze litutazame. Madereva watasoma namba yake."

Nilitembea kuelekea kwenye malori. Vijana, ule uwanja hauna hata hatua arobaini. Nilisimama katikati ya magari mawili, letu kushoto, la Makambako kulia. Mtu akiniuliza leo nilikuwa nafikiri nini, nitamwambia kweli: nilikuwa nafikiri kwamba akiletewa gari asilolijua, atasema macho yananisumbua, Mzungu atamwambia pumzika, na mambo yataisha kwa heshima. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Nikapanda la Makambako.

Nililirudisha vizuri, nikaligeuza, nikashuka. Mkaguzi akasema mkubwa aanze. Mzee Haule akasogea mpaka kwenye mstari uliochorwa kwa chokaa. Akaliangalia lori. Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile bado ninalo. Kisha akasoma kwa sauti ya askari, bila kusita, "Mbili, tano, sita, moja."

Ilikuwa namba ya gari letu.

Yule dereva wa Makambako akacheka. "Baba wee, hiyo umeitoa wapi? Hilo gari ni langu!" Hakuwa na ubaya, alidhani ni mzaha. Mkaguzi akamwambia arudie. Mzee Haule akarudia, namba ileile, kwa sauti ileile. Watu wote pale uwanjani wakawa wanaangalia chini. Hapo ndipo alipofahamu. Akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, si usawa wangu hasa, pembeni kidogo.

"Mgaya. Umeleta gari gani?"

"La Makambako, baba."

"Ee," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Sikuwa nimewazia kwamba atasoma. Nilidhani atakiri tu, kumbe mtu aliyeficha kitu miaka yote hiyo hakiri kwa sababu wewe umeamua ni wakati wake. Nilimwondoa kazini na kumwaibisha kwa pamoja, mbele ya Mzungu, karani, na dereva mgeni. La kwanza nilikusudia. La pili sikulikusudia, lakini ni mimi niliyelifanya.

Maneno ya watu nitayasema hapa hapa, ili nimalizie na lile lililo zito. Wiki iliyofuata tajiri alinipa lori la Mzee Haule, lile lile la mbili tano sita moja. Yakobi nzima ikasema nilimfanyia mzee wa watu njama nipate kiti chake. Madereva wengine wakawaambia matingo wao, mnaona sasa kwa nini hatufundishi? Kuna matingo waliokaa juu ya magunia miaka mingi zaidi kwa sababu yangu, na hilo linaniuma kuliko masengenyo. Je, nilikuwa nakitaka kile kiti? Nilikuwa nakitaka. Kila utingo anakitaka. Nimejiuliza mara nyingi kama mguu wangu ulikwenda kulia kwa ajili ya mtoto wa darajani au kwa ajili ya usukani, na sijapata jibu linalonitosha. Mzee Haule alirudi Mawengi akalima. Nilikuwa nikipata safari ya kwenda Lupingu, kule ziwani, kufuata dagaa, namtumia chumvi na salamu kwa watu wa njiani. Chumvi alikuwa anaipokea. Mwenyewe sikuwahi kwenda mpaka nyumbani kwake. Niliogopa.

Narudi uwanjani. Mkaguzi alinipima mimi pia, nikasoma namba, nikapita. Akakaa mezani, meza ndogo iliyotolewa nje, akaweka mbele yake leseni ya Mzee Haule na fomu yangu. Akaitazama fomu. Akasema neno, na karani akatafsiri kwa huzuni kabisa: "Fomu ya Mgaya haina sahihi ya mwalimu." Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumepanga Mzee Haule aisaini baada ya mimi kuendesha, kwa furaha. Sasa nani angeisaini? Nikaona haki imetendeka, nikajiandaa kwenda nyumbani. Mkaguzi akafungua kalamu, akaivuta leseni ya mzee ili aifute.

"Karani," Mzee Haule akasema. "Mwambie Bwana asubiri kidogo. Kuna kazi moja ya udereva sijaimaliza."

Mkaguzi akainua uso.

"Huyu nimemfundisha mimi. Bwana akishanifuta mimi si dereva tena, na sahihi yangu haitakuwa kitu. Naomba nisaini kwanza, kisha anifute."

Karani akatafsiri yote, taratibu. Mkaguzi akaigeuza kalamu, akampa kwa upande wa mpini. Mzee Haule akasogea mezani. Akainama juu ya fomu, akainama zaidi, pua inakaribia karatasi. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, akipapasa hewani, akasema mbele ya watu wote wale, "Mgaya, mstari uko wapi?"

Nilimshika kidole, nikakiweka.

"Hapa, baba."

Akaandika jina lake lote, Benedikto Haule, herufi moja moja. Karani, kama fomu ilivyotaka, akamsomea swali: je, unathibitisha kwamba mtu huyu anafaa kuachiwa lori na roho za watu?

"Nathibitisha," akasema Mzee Haule. "Na yeye mwenyewe amethibitisha asubuhi hii, alipochagua gari."

Akairudisha kalamu. Mkaguzi akaikata leseni ya mzee kwa mistari miwili, kisha akaniambia nipande lori, tuanze mtihani wa barabarani.